Ukurasa wa Vali Sitini na Moja

Kwa miezi saba Atuganile Mwaisumo alikaa peke yake katika Kituo cha Tatu cha bomba kuu, akisoma maandishi ya watu waliokwisha kuondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila asubuhi alifagia mchanga ulioingia chini ya mlango, akachemsha chai, akaketi mbele ya skrini na kufungua folda aliyoishia jana.

Mfumo uliogawa maji katika miji mitatu ya nyanda za kati uliitwa Mgawo. Ulikuwa na umri wa miaka arobaini, ukimzidi Atuganile kwa miaka sita, na msimbo wake ulitawanyika katika folda elfu kumi na moja. Wahandisi waliopita walikuwa na desturi ya kuacha ndani ya folda faili dogo liitwalo NISOME, la kumweleza atakayekuja baadaye kipande hicho cha msimbo kinafanya nini na kwa nini. Wengine waliandika kurasa kumi. Wengine waliandika sentensi moja, wakaenda zao. Mafaili hayo yalikuwa mia sita na kumi na mbili, na Atuganile aliajiriwa ayakusanye yote yawe tovuti moja inayosomeka.

Alitunga programu ya kumsaidia. Programu hiyo ilipita folda hadi folda, ikachukua kila NISOME na kuigeuza ukurasa, ikaupanga ukurasa mahali pake, kisha ikajaribu viungo vyote ione kama vinafika vinakoelekeza. Kiungo kikielekeza pasipo na kitu, ujenzi wa tovuti uligoma, na jina la faili lenye kosa likatokea kwa maandishi mekundu. Siku zake zote zilipita katika kuuondoa wekundu huo, kosa moja baada ya jingine.

Haraka ilitokana na Mrithi. Makao makuu yalikuwa yameamua kwamba Mgawo umechoka, na kwamba mashine mpya, waliyoiita Mrithi, ijenge mfumo mwingine tangu mwanzo. Mrithi hangesoma msimbo wa zamani, maana ulijaa viraka vinavyopingana. Angesoma tovuti. Kilichoelezwa humo kingejengwa, na ambacho hakikuelezwa kisingekuwepo. Siku ya kumkabidhi ilikuwa mwisho wa mwezi.

Kati ya wahandisi wote walioacha maandishi, Atuganile alimpenda mmoja, Yeremia Chilewa, aliyekaa kituo hichohicho miaka kumi na tisa. Chilewa aliandika kama mtu anayezungumza na aliyeketi karibu naye. Kwenye folda ya pampu ya pili aliandika kwamba pampu hiyo hulia kama mbuzi kabla ya kuharibika, na ukiisikia una siku mbili. Kwenye folda ya mnara wa mawasiliano aliandika kwamba nyuki wameingia kwenye boksi la nyaya, na yeye amewaacha kwa kuwa hawajamkosea. Na chini kabisa ya folda ya majaribio, mahali ambapo mtu hafiki, aliandika: "Leo ni siku ya tisa sijaongea na mtu. Nimesoma msimbo huu kwa sauti nione kama bado naweza."

Atuganile aliuhamisha ukurasa huo bila kubadilisha neno. Kisha naye akausoma kwa sauti, na sauti yake ikamshtua kwa jinsi ilivyokuwa imekauka.

Kila Ijumaa alipigiwa simu na msimamizi wake, Bi Zaituni Kisaka, aliyekuwa makao makuu, kilomita mia nne kutoka pale. Ijumaa moja alimuuliza Chilewa yuko wapi siku hizi. Bi Zaituni akasema alifariki miaka mitatu iliyopita katika wodi ya mjini, akazikwa na manispaa. Kazini hakuna aliyekwenda, kwa sababu hakuna aliyejua hadi barua zake ziliporudishwa. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeona aibu, halafu akauliza makosa mangapi yamebaki.

*

Zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, lilibaki kosa moja tu. Lilikuwa katika faili la Chilewa kuhusu msukumo wa maji kwenye bomba. Aliandika kwamba ukiona msukumo unashuka kidogo saa nne asubuhi usihangaike, soma hapa. Na hapo aliweka kiungo. Programu ilisema kiungo hicho hakifiki popote.

Atuganile alikwenda kutafuta kwa mkono. Folda ilikuwepo. Jina lake lilianza na nukta, na programu yake, kama nyingi za aina hiyo, ilifundishwa kuziruka folda zinazoanza na nukta, kwa kuwa kwa kawaida huwa na vitu vya mashine yenyewe visivyomhusu msomaji. Ndani mlikuwa na msimbo mfupi na NISOME moja.

"Ukiwa unasoma hapa," Chilewa aliandika, "ama umepotea ama umenitafuta. Karibu vyovyote iwavyo. Vali 61 inafunguka yenyewe kila siku saa nne asubuhi kwa dakika kumi na moja. Ripoti huyaandika maji haya kuwa ni yaliyopotea kwa jua bwawani. Hayajapotea. Yananywewa na watu. Wasipoyapata siku nne, wataanza kufa, na wa kwanza watakuwa wadogo. Usimtume fundi ndani ya chemba ya vali hii bila kumwambia saa, maana inajaa haraka kuliko mtu anavyoweza kupanda ngazi. Y. Chilewa."

Alilisoma mara tatu, akasimama, akatoka nje, akazunguka jengo lote akiwa na kikombe mkononi.

Alijua watu hao ni wa aina gani, ingawa hakuwahi kuwaona. Wakati wa Hamisho, vijiji vya nyanda vilipokauka, watu walipelekwa katika miji mitatu na kila mmoja akapewa namba iliyotiwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono. Bomba la mjini halikutoa maji mpaka lisome namba. Waliokataa kuhama hawakupewa namba, na kwa Mgawo mtu asiye na namba hakuwa mtu. Shuleni Atuganile alifundishwa kwamba wote walikwisha kuhama au kufa.

Sasa alikuwa na njia tatu, na hakuna aliyoipenda. Angeweza kuiacha folda ilivyo, imerukwa, na kukifuta kiungo. Tovuti ingejengeka bila kosa, Mrithi asingeijua vali 61, na siku ya kwanza ya mfumo mpya maji yangekatika. Angeweza kuliweka faili la Chilewa kama lilivyo, na makao makuu wangesoma wizi wa miaka mingi ulioandikwa kwa herufi safi. Au angeweza kudanganya.

Alianza na hiyo ya tatu. Aliandika kwamba vali 61 hufunguliwa kila siku kwa dakika kumi na moja ili kusafisha bomba, na mafundi wakae mbali na chemba saa hiyo. Akaendesha ujenzi. Kurasa mia sita na kumi na tatu zilijengeka bila hata neno moja jekundu. Programu ilijua kiungo kilichovunjika. Haikuwa na namna ya kujua uongo.

Ilikuwa afadhali, kwa siku moja. Kesho yake alifungua maelezo ya jinsi Mrithi anavyofanya kazi, na humo akakuta jambo lililompokonya utulivu huo. Mrithi alijenga kwa kufuata sababu. Ukimwambia vali inasafisha bomba, angepima uchafu, aone bomba ni safi, na kupunguza dakika kumi na moja kuwa tano, kisha mbili, kisha kuiacha vali imefungwa. Uongo ungewapa watu wale mwezi mmoja au mwaka, na siku ambayo ungekwisha hakuna ambaye angejua kwa nini.

Alitamani kumuuliza mtu. Alipitia kichwani mwake majina ya watu wote aliowahi kufahamiana nao vizuri, na hakuna ambaye angeweza kumpigia simu kuhusu jambo kama hilo. Alfajiri iliyofuata alichaji gari la kituo, akaweka mapipa mawili ya maji nyuma, akafuata barabara ya bomba kuelekea magharibi.

*

Alifika saa nne kasorobo. Chini ya bomba, mahali ambapo ardhi ilizama kidogo, palikuwa na tangi la saruji lililofunikwa kwa miiba, na watu wapatao hamsini wamesimama kwa mstari na madumu. Walipoona gari lenye nembo hakuna aliyekimbia. Waliacha kuzungumza tu.

Vali ilifunguka kwa mlio mzito uliotoka ardhini. Maji yaliingia tangini, na watu wakaanza kuchota huku wakimtazama. Mwanamke mmoja mwenye kama miaka arobaini, aliyekuwa akiandika hesabu ya madumu kwa mkaa kwenye ukuta wa tangi, aliendelea kuandika mpaka maji yalipokatika. Ndipo akaja. Jina lake lilikuwa Chiku Msagala na ndiye aliyelitunza tangi. Hakumuuliza Atuganile amefuata nini. Alimuuliza Chilewa yuko wapi.

Atuganile hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alimweleza kama alivyoelezwa, wodi na manispaa na barua zilizorudi.

Chiku aligeuka akawaambia wenzake. Madumu yakawekwa chini. Wanawake wakaketi palepale mchangani, na wanaume wakavua kofia. Kumbe Chilewa alikuwa akija kila mwezi, na alipoacha kuja walidhani amehamishwa, au amewachoka. Halafu wakaanza kumjia Atuganile mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia pole kwa msiba. Alitaka kuwaambia kwamba hakuwa ndugu yake, kwamba hakuwahi hata kumwona. Lakini walikuwa wengi na mikono yao ilikuwa na joto, na tangu afike kituoni hakuna aliyewahi kumgusa. Akapokea pole za wote.

Baadaye, kwenye kivuli cha bomba, aliwaeleza kuhusu tovuti na Mrithi na zile njia tatu. Alieleza polepole, maana alitaka aeleweke. Alitazamia wamsihi awafiche. Alikuwa hata amepanga namna ya kuboresha uongo wake, aandike sababu ambayo Mrithi hawezi kuipima.

Chiku alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hapana.

"Dada, Chilewa alitupa maji na sisi hatuna baya la kusema juu yake," alisema. "Lakini alikufa na hatukujua. Miaka mitatu tunakunywa maji ya marehemu. Siku vali ikigoma tungemwita nani? Wewe nawe utatuficha, halafu utaondoka au utakufa. Tuandike. Andika kwamba tupo."

Si wote waliokubali. Aliyepinga zaidi alikuwa mdogo wake Chiku, Nemela, mwenye watoto wanne. Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, kwamba baba yao aliwahi kuandikwa na watu wa Hamisho kwa ahadi ya kusaidiwa hapohapo alipo, na wiki moja baadaye lori likaja. Akamgeukia Atuganile.

"Unaweza kuniahidi kwamba lori halitakuja?"

Atuganile alisema hawezi.

"Basi usiandike jina langu," Nemela alisema, akaondoka na dumu lake kichwani.

Walibishana hadi jua lilipoinama. Mwisho walikubaliana kwamba idadi iandikwe yote, kwa sababu bila hiyo Mrithi asingejua atoe maji kiasi gani, lakini jina aandikwe anayetaka. Atuganile alikaa na daftari mapajani. Idadi ilikuwa mia moja arobaini na tatu. Waliotoa majina walikuwa mia na kumi. Walipokuwa wakiyataja, baadhi yao waliyarudia mara mbili na kuinama waone yameandikwaje.

*

Aliandika ukurasa kwa siku tatu. Aliacha maneno ya Chilewa juu, yote, pamoja na onyo la chemba. Chini yake aliandika kazi ya vali 61 kwa sentensi fupi: kuwapa maji ya kunywa wakazi mia moja arobaini na tatu. Kisha majina. Mwisho wa kila ukurasa wa tovuti paliwekwa jina la mwandishi, na kwenye huu aliweka la Chilewa na lake. Aliifundisha programu isiiruke folda ile, akaendesha ujenzi, na siku ya mwisho ya mwezi akaituma tovuti.

Bi Zaituni alipiga simu Jumatatu. Hakusalimia, kinyume cha kawaida yake.

"Atu, ungeniambia kwanza."

"Ningekwambia, ungelazimika kuniamuru nifute."

"Ndiyo," Bi Zaituni alisema. Alivuta pumzi. "Ndiyo, ningelazimika."

Alieleza yaliyotokea kule. Mrithi alikuwa amekwisha kuusoma ukurasa na kuuchukua kama kurasa nyingine zote. Watu mia moja arobaini na tatu walikuwa tayari ndani ya hesabu ya maji, na mgao wa kila mkazi wa mjini ulipungua kwa kiasi cha kijiko kimoja kwa siku. Wakubwa walikasirika. Waliitisha kikao cha kuwaondoa, lakini ili Mrithi awaondoe ilibidi mtu atie saini kwamba watu hawa, kwa majina yao, wanyimwe maji. Na karatasi hiyo ilizunguka meza nzima ikarudi ilikotoka ikiwa haina saini. Mwishowe waliamua kupeleka maofisa wa kuwasajili palepale walipo. Hakuna lori, Bi Zaituni alisema, hilo alilipigania mwenyewe. Lakini Atuganile hana kazi tena. Atakaa kituoni hadi mwingine apatikane, halafu aondoke.

Atuganile alishukuru. Kisha akauliza kama kuna namna ya kuwapelekea habari wale watu kabla ya gari la maofisa kufika, kwamba si lori. Bi Zaituni alisema maofisa walikwisha kuondoka tangu asubuhi.

Siku mbili baadaye ripoti yao ilitumwa kituoni, kwa kuwa yeye bado ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kugusa kurasa. Waliwakuta watu themanini na wanane. Wengine hamsini na watano walikuwa wameondoka usiku wa kuamkia siku maofisa walipofika, baada ya vumbi la magari kuonekana kwa mbali jioni. Walichukua madumu waliyoweza kubeba. Waliobaki walisema hawajui wameelekea wapi, au hawakutaka kusema. Kati ya walioondoka walikuwamo watu ambao majina yao yalikuwa kwenye ukurasa. Nemela na watoto wake wanne walikuwa wameondoka pia.

Chini ya ripoti, Bi Zaituni aliongeza mstari mmoja akimwomba arekebishe idadi.

Aliketi mbele ya skrini muda mrefu. Hakulia. Alijaribu kuwafikiria wakitembea, kisha akajizuia, kisha akawafikiria tena. Alijua kwamba kama angenyamaza wangekosa maji wote, na kujua huko hakukumsaidia lolote. Alikuwa ameulizwa kama anaweza kuahidi, akajibu kweli, na bado akaandika. Mwishowe akaweka mkono kwenye kibodi. Aliandika kwamba wakazi waliosajiliwa ni themanini na wanane. Chini yake aliandika kwamba vali iendelee kutoa maji ya watu mia moja arobaini na tatu, kwa sababu hamsini na watano wako njiani, na haijulikani watarudi lini. Aliyaacha majina yote. Ujenzi ulipita bila kosa.

Wiki ya pili simu ya kituo iliita siku isiyo ya Ijumaa. Alikuwa Chiku. Maofisa walikuwa wamempa simu pamoja na namba, alisema, na kifundo bado kinamuuma. Alitaka kujua kama ni kweli maji yanayozidi ni ya waliokwenda, maana tangi linajaa hadi linamwagika na yeye hajamruhusu mtu kuyagusa. Atuganile alisema ni kweli. Chiku akauliza itakuwa hivyo hadi lini, naye akamjibu kwamba hadi mtu aufute ule ukurasa.

"Na wewe utakuwa wapi?"

Atuganile alisema hajui. Gari la kumchukua lingekuja Jumanne na mjini hakuwa na mtu wa kumpokea.

Nyuma ya Chiku ilisikika sauti ya dumu likiburutwa.

"Nyumba ya Nemela iko wazi," alisema. "Si yako. Lakini ikikaliwa haitabomoka."

Atuganile alivuta kiti, akaketi.

"Dada Chiku, na akirudi anikute ndani nitamwambia nini?"

"Utamwambia wewe ndiye uliyeandika," Chiku alisema. "Halafu utanyamaza, umsikilize."

Jumanne dereva wa makao makuu alifika na kumkuta amekaa kwenye ngazi na begi moja. Alimsalimia, akapakia begi, akaanza kugeuza gari kuelekea mjini. Atuganile alimwomba aelekee magharibi, akamwonyesha barabara ya bomba.